Tui, samli, mafuta ya kupima au alizeti: mwili unayapokeaje, nawe uchukue yapi?

Saa nne asubuhi niliitoa chupa ya damu kwenye mashine ya kuzungusha nikaona kitu ambacho mtu yeyote wa pwani angekitambua: tui. Chini zilikuwa zimetulia chembe nyekundu. Juu yake, mahali ambapo majimaji ya damu huwa ya manjano hafifu na hupitisha mwanga, palikuwa peupe, pamefumba, kama tui la pili kabla halijamiminwa kwenye wali. Mwenye damu alikuwa mama anayeuza mahamri Majengo, Mombasa. Nikamuuliza amekula nini.

"Mbaazi za nazi na mahamri mawili, mwanangu, saa moja. Na safari hii yote ningekuja na njaa?"

Nikamwomba arudi kesho yake bila kula. Akarudi, na damu ikawa safi, nyangavu. Mafuta ya damu yalikuwa ya kawaida, ila lehemu (kolesteroli) ya LDL, ile watu huiita mbaya, ilikuwa juu kidogo. Hapo akanitolea shida yake. Nyumbani wamegawanyika. Mwanawe amesoma kwenye simu kwamba mafuta ya nazi hayakai mwilini, hupita njia ya mkato. Mkwewe anataka alizeti tu. Dadake mkubwa anaapa kwa samli, kwa kuwa mama yao aliila mpaka uzeeni. Naye mwenyewe, kwa biashara, hununua mafuta ya kupima kwa sababu hesabu haimruhusu mengine. "Sasa wewe unayeitazama damu za watu kila siku," akasema, "nishike yapi?"

Swali hilo huulizwa dirishani kwetu maabara karibu kila wiki, na jibu la neno moja halimfai yeyote. Kwa hiyo nitayaweka mafuta haya manne ubavu kwa ubavu na kuyauliza maswali yale yale. Lakini maswali yenyewe hayatakuwa na maana bila kwanza kuifuata ile mbaazi ya saa moja hadi kwenye chupa ya saa nne.

Mafuta hupita njia gani

Mafuta yote ya chakula, yawe ya mti au ya mnyama, yameumbwa namna moja: kiunzi kifupi cha gliseroli na mikia mitatu ya asidi za mafuta. Mwili hauwezi kuupokea mzigo huo mzima mzima. Mdomoni na tumboni hukatwa kidogo tu. Kazi yenyewe iko mwanzo wa utumbo mwembamba. Mafuta yakifika hapo, ukuta wa utumbo hutoa homoni inayouamrisha mfuko wa nyongo ujikamue. Nyongo haimeng'enyi mafuta. Hufanya lile linalofanywa na sabuni kwenye sufuria ya pilau: hulivunja tone kubwa kuwa vitone vidogo visivyohesabika, ili kimeng'enya cha kongosho kiitwacho lipesi kipate pa kushika. Lipesi huikata mikia miwili ya pembeni na kuuacha wa katikati kwenye kiunzi chake. Vipande hivyo hubebwa na chumvi za nyongo hadi ukutani, navyo hupenya ndani ya seli.

Kinachofuata hunistaajabisha mpaka leo. Seli ya utumbo huvishona vipande vile upya. Kilichokatwa mlangoni huunganishwa tena ndani. Kisha mafuta hayo hufungwa pamoja na lehemu kiasi na vitamini A, D, E na K, yakazungushiwa ganda jembamba lenye protini. Furushi hilo huitwa kailomikroni, na ni kubwa mno kupenya kuta za mishipa midogo ya damu.

Ndiyo maana mafuta hayafuati njia ya vyakula vingine. Sukari na protini zikishameng'enywa huingia kwenye damu ya utumbo na kupelekwa moja kwa moja kwenye ini, kama shehena inayoshushwa bandarini na kupitishwa forodhani kabla ya kuingia mjini. Kailomikroni huingia kwenye mishipa ya limfu iliyo ndani ya kila kijidole cha utumbo, hupanda mfereji wa takriban sentimita 40 uliolala mbele ya uti wa mgongo, na kumwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Hufika moyoni na kuzungushwa mwili mzima kabla ini halijauona mzigo. Kwenye misuli na kwenye tishu za kuhifadhi mafuta kuna kimeng'enya kingine kilichotandazwa ndani ya mishipa, nacho ndicho kinachopakua. Ini huletewa mabaki tu.

Mishipa hiyo ya limfu ilionwa na tabibu wa Italia, Gaspare Aselli, mwaka 1622, alipompasua mbwa aliyekuwa amekula muda si mrefu. Aliona nyuzi nyeupe zimetanda kwenye utumbo. Alipotoboa mmoja ukatoka uowevu mweupe kama maziwa. Mwaka 1651 Mfaransa Jean Pecquet akaeleza mfereji mkuu unakoupeleka uowevu huo. Weupe aliouona Aselli ndio ule ule nilioushika mkononi, saa tatu baada ya mbaazi. Kwa kawaida hufikia kilele kati ya saa 3 na saa 5 baada ya kula, na ukiiacha chupa ya namna hiyo kwenye friji usiku kucha, kailomikroni huelea na kufanya utando juu, kama krimu ya maziwa.

Iko njia ya pili. Asidi za mafuta zenye mikia mifupi, za kaboni 10 kushuka chini, hazihitaji kufungwa furushi. Huyeyuka vya kutosha kuingia kwenye damu ya utumbo na kwenda ini moja kwa moja, kama sukari. Hiyo ndiyo njia ya mkato aliyoisoma mwana wa mama wa mahamri. Njia ipo kweli. La kujua ni nani hasa anayeipita.

Maswali manne

Njia: mikia ya mafuta haya ni mirefu au mifupi, na kwa hiyo huenda kwa limfu au kwa ini?

Nyongo: yanaitaka kazi kiasi gani nyongo na kongosho?

Damu: baada ya safari kwisha, huiachaje lehemu ya LDL? Hapa la kutazama ni umbo la mkia. Mkia ulionyooka ni wa mafuta yaliyoshiba. Uliopinda ni wa yasiyoshiba. Ini lina vishikio vya kuiokota LDL kutoka kwenye damu. Mafuta yaliyoshiba huvipunguza, LDL ikabaki ikizunguka. Yasiyoshiba, hasa yenye mipindo zaidi ya mmoja, hufanya kinyume.

Jiko na mfuko: yanavumilia karai, na mtu wa kawaida anayamudu?

Sikuweka nguvu wala wepesi miongoni mwa maswali, na nina sababu. Mafuta yote manne yana kalori 9 hivi kwa gramu, takriban 120 kwa kijiko cha chakula. Utumbo mzima wenye afya hufyonza zaidi ya asilimia 95 ya mafuta unayoyala, yawe yameganda au yanatiririka. Hakuna mafuta "mepesi" yanayopita tu na kutoka.

Kipimo kimoja kitatusaidia kote. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina takriban gramu 12 za mafuta yaliyoshiba. Cha samli 9. Cha mawese yaliyosafishwa, ambayo ndiyo mengi ya kupima, 6. Cha ufuta 2. Cha alizeti moja na nusu.

Nazi: tui na mafuta yake

Njia. Maneno mengi yako hapa, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi. Asidi za mikia mifupi, za kaboni 8 na 10, ni kama sehemu moja kwa saba tu ya mafuta ya nazi. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12. Vitabu vya kemia huihesabu miongoni mwa mikia ya wastani, na hapo ndipo hadithi ya mkato ilipoanzia. Utumbo haufuati mgao huo. Sehemu kubwa ya asidi ya lauriki hushonwa, hufungwa kwenye kailomikroni na kupanda kwa limfu kama mafuta mengine. Yale mafuta maalumu ya mikia mifupi yanayotumika hospitalini hutengenezwa kwa kuzitenga kaboni 8 na 10 kutoka kwenye nazi au kokwa ya mchikichi, na majaribio mengi yanayosifiwa yalifanywa kwa mafuta hayo yaliyotengwa. Mtu akiyapeleka matokeo yake kwenye chupa aliyoinunua Marikiti, amebadilisha kitu kimoja kwa kingine.

Chupa ya damu ya mama ilisema hivyo hivyo. Lau tui lote lingekwenda ini kwa mkato, majimaji yangebaki maangavu zaidi. Mahamri yake yalichangia pia, sitalificha hilo, maana hukaangwa kwa mafuta ya kupima.

Nyongo. Ile sehemu moja kwa saba humpunguzia kazi kidogo mtu ambaye nyongo au kongosho yake ni dhaifu. Kidogo tu. Kunywa mafuta ya nazi kwa vijiko ukidhani unaupumzisha mfuko wa nyongo ni kuuamrisha ujikamue kwa nguvu.

Damu. Uchambuzi uliounganisha majaribio 16, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wanaotumia mafuta ya nazi walikuwa na LDL ya juu zaidi kwa takriban miligramu 10 kwa desilita kuliko waliotumia mafuta ya mimea isiyo ya kitropiki. Kwa vipimo vya karatasi zetu za Kenya hiyo ni kama milimoli 0.27 kwa lita. HDL, ambayo watu huiita lehemu nzuri, nayo ilipanda, kwa miligramu 4 hivi. Kupanda kwa HDL hakufuti kupanda kwa LDL.

Lakini tui si mafuta matupu, na hili huwa linasahauliwa na pande zote mbili za ugomvi. Nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta kama theluthi moja ya uzito wake. Ukiikuna kwa mbuzi na kuikamua kwenye kifumbu, kasimele, lile la kwanza zito, ndilo linalobeba mengi. La pili na la tatu ni maji zaidi. Mchicha uliopikwa kwa tui jepesi na mchuzi ulioungwa kwa kasimele ya nazi mbili ni vyakula viwili tofauti mbele ya utumbo, hata kama jina ni "cha nazi". Na mbaazi yenyewe ina nyuzinyuzi zinazozishika chumvi za nyongo na kuzitoa kwenye choo, ini likalazimika kutumia lehemu kutengeneza nyingine. Anayeilaumu mbaazi ya nazi aihesabu mbaazi pia.

Jiko na mfuko. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 175 hivi, kwa hiyo hayafai karai la viazi. Huyeyuka kwenye nyuzi 24, ndiyo maana Mombasa chupa yake hutiririka mwaka mzima isipokuwa asubuhi za kusi zenye baridi, ilhali Nairobi huganda kabatini. Watu hulitumia hilo kubishana kuhusu kuganda kwenye mishipa. Ndani ya mwili ni nyuzi 37 kwetu sote, na mafuta hayasafiri yakiwa tone tupu bali yakiwa ndani ya furushi.

Humfaa anayetaka ladha ambayo hakuna mafuta mengine yataitoa, ambaye LDL yake iko sawa, na anayelitumia kama tui la chakula badala ya kinywaji cha dawa.

Samli

Njia. Hapa kuna jambo zuri lisilojulikana: samli ina asidi ya butiriki, yenye kaboni 4 tu, kama asilimia 3 hadi 4. Hiyo hupita kwa mkato kabisa. Iliyobaki karibu yote ni mikia mirefu, nayo hupanda kwa limfu.

Nyongo. Hudai kazi kamili. Sahani ya biriani ya harusini huwa na samli pamoja na mafuta ya nyama na ya vitunguu vya kukaanga, na mtu mwenye vijiwe vya nyongo huanza kushika mbavu za kulia kabla wageni hawajaondoka.

Damu. Zaidi ya nusu ya samli ni mafuta yaliyoshiba, takriban asilimia 60 na zaidi, na huipandisha LDL. Ina pia lehemu yenyewe, kama miligramu 35 hadi 40 kwa kijiko. Hiyo isikutishe kupita kiasi: lehemu ya chakula husafiri ndani ya kailomikroni zile zile, lakini utumbo huipokea nusu hivi. Kinachoipandisha LDL zaidi ni mafuta yaliyoshiba yanayoandamana nayo. Kwa upande wa heri, samli ina vitamini A ambayo iko tayari kutumika, haihitaji kubadilishwa na mwili.

Jiko na mfuko. Huvumilia moto kuliko nyingine zote hapa, hadi nyuzi 250 hivi, kwa kuwa maji na protini za maziwa zimetolewa. Ni ghali, na kwa hilo watu wengi huitumia kwa kipimo kizuri bila kushauriwa na yeyote: kijiko juu ya biriani, kidogo kwenye chapati, na halua ya sikukuu.

Humfaa mpishi anayetaka harufu kwa kiasi kidogo. Haimfai anayeitia kijiko kwenye kila kikombe cha uji kila siku ilhali karatasi yake ya maabara inasema LDL iko juu. Bibi aliyeila mpaka uzeeni alitembea kwa miguu, na samli yake haikuandamana na soda na viazi karai.

Mafuta ya kupima

Mengi ni mawese yaliyosafishwa. Hufika kwenye bandari yetu hii hii kutoka Malaysia na Indonesia, husafishwa, kisha huishia kwenye madebe na mapipa ya soko la Kongowea na kwenye chupa za dukani.

Njia. Mikia mirefu mitupu. Yote kwa limfu.

Nyongo. Kazi kamili, kama samli.

Damu. Hapa huonewa na kupendelewa kwa zamu. Karibu asilimia 45 ni mafuta yaliyoshiba, nusu ya yale ya nazi, na sehemu nyingine inayokaribia hiyo ni asidi ya oleiki, ile inayopatikana kwa wingi kwenye zeituni. Kwa hiyo si mabaya kama anavyosema mkwe, wala si sawa na alizeti. Yako katikati. Mawese mekundu ambayo hayajasafishwa yana karotini nyingi ambazo mwili huzigeuza vitamini A, usafishaji huziondoa. Tangu 2012 Kenya inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A kiwandani, ila vitamini hiyo huharibiwa na mwanga. Mafuta yaliyoanikwa juani kwenye dumu jeupe siku nzima yamekwisha kuipoteza nyingi. Ukinunua ya kupima, chagua muuzaji anayeyaweka kivulini na kuyafunika.

Jiko na mfuko. Kwa karai hayana mpinzani kwa bei yake. Mikia yake haipindi sana, kwa hiyo joto haliyavunji upesi. Hasara huanza pale mafuta yale yale yanapochemshwa siku ya tatu na ya nne, yakawa meusi, mazito, yenye povu lisilotulia. Hapo hata mafuta bora kabisa hugeuka, na utumbo hukifyonza kilichogeuka pia. Nilimwambia mama hivyo, naye akanijibu kwamba huongeza mapya juu ya ya zamani. Kuongeza hakusafishi. Nilimshauri ayachuje chenga kila jioni na ayabadilishe yote mara harufu au rangi inapokwisha kubadilika, hata kama moyo unauma.

Humfaa muuza vyakula vya kukaanga, na kaya inayohitaji kupika kila siku kwa pesa kidogo.

Alizeti, na ufuta pembeni yake

Njia. Mikia mirefu, limfu tupu. Wengi hushangaa: mafuta yanayosifiwa kwa moyo hayana njia ya mkato hata kidogo. Damu huwa nyeupe baada ya alizeti kama baada ya samli.

Nyongo. Kazi kamili. Mwenye vijiwe asidanganyike kwamba haya ni "ya wagonjwa".

Damu. Hapa ndipo nguvu yake ilipo. Alizeti ya kawaida ina takriban asilimia 60 ya asidi ya linoleiki, yenye mipindo miwili, na mafuta yaliyoshiba kama asilimia 11 tu. Ukiyatumia badala ya samli au nazi, LDL hushuka. Neno ni badala. Kuongeza kijiko cha alizeti juu ya mlo ule ule wa jana ni kuongeza kalori 120. Yana vitamini E kwa wingi. Ufuta unakaribiana nayo: asidi ya oleiki na ya linoleiki karibu nusu kwa nusu, na una viambata vyake vya asili vinavyozuia mafuta kuvunda.

Jiko na mfuko. Mipindo ile inayoisaidia damu ndiyo inayoyafanya yavunjike haraka kwenye karai linalorudiwa. Kwa kuunga mchuzi, kukaanga samaki mara moja au kachumbari, ni mazuri sana. Bei hupanda na kushuka. Yanayovuka mpaka kutoka Tanzania, ambako Singida inajulikana kwa alizeti, wakati mwingine huwa nafuu.

Humfaa ambaye karatasi yake inaonyesha LDL ya juu, au ambaye baba na kaka zake walipata ugonjwa wa moyo mapema.

Kuhusu mafuta mgando ya kopo nitasema machache. Yakiwa yamegandishwa kwa kuongezewa haidrojeni nusunusu, huwa na mafuta ya trans, ambayo huipandisha LDL na kuishusha HDL kwa wakati mmoja. Soma kibandiko. Ukiona maneno hayo, rudisha kopo.

Kwa hali yako

Kama huna ugonjwa wowote na unafanya kazi ya nguvu, bandarini au baharini, njia ya mafuta haina haja ya kukusumbua. Kailomikroni zako hupakuliwa upesi na misuli inayofanya kazi. Pika unachokipenda, na uhesabu vijiko.

Kama LDL iko juu, alizeti au ufuta viwe mafuta ya kila siku. Tui lisifukuzwe: pika kwa la pili, kasimele iwe ya Ijumaa. Hivyo ndivyo alivyoamua mama wa mahamri kwa chakula cha nyumbani; kwa biashara amebaki na ya kupima.

Kama una vijiwe vya nyongo, aina ya mafuta si muhimu kama wingi kwa mlo mmoja. Aliyeondolewa mfuko wa nyongo bado anatengeneza nyongo; ini huidondosha kidogo kidogo mchana na usiku, bila akiba ya kumwaga mara moja. Gawa mafuta ya siku kwenye milo mitatu badala ya kuyakusanya kwenye biriani moja.

Kama mafuta ya damu, yale yanayoandikwa traigliseridi, yamepita milimoli 11 kwa lita kwenye karatasi, kongosho liko hatarini na mafuta yote manne, hata alizeti, yanahitaji kupunguzwa sana chini ya uangalizi wa daktari. Hapa mkwe na mwana wote wawili watakupoteza.

Kama mkojo unatoka mweupe kama maziwa, usibadilishe mafuta ukangoja. Ukanda huu wetu una matende, na minyoo yake inaweza kuharibu mishipa ya limfu hadi ile safari niliyoieleza ikavujia kwenye njia ya mkojo. Nenda hospitali. Huko mgonjwa anaweza kupewa yale mafuta ya mikia mifupi yaliyotengwa, kwa kuwa hayapiti kwenye limfu. Tui haliwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu ya ile asidi ya lauriki.

Kama unamlisha mtoto mdogo, usimnyime mafuta. Karotini ya mchicha, ya boga au ya karoti haipandi bila mafuta ya kuibebea. Kijiko kidogo cha chochote kati ya hivi, au tui jepesi kwenye mchicha, kinatosha.

Na kama kesho unakuja kupimwa mafuta ya damu, kula chakula chako cha mwisho kabla ya saa mbili usiku, kunywa maji tu, na ufike dirishani saa mbili asubuhi. Mbaazi njoo nazo kwenye kibakuli, uzile ukishatolewa damu.